Bibi Niliyemtoa Kwenye Picha

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba unisaidie, maana kazi yangu imeanza kunitesa. Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo hapa Same mjini, na mwaka jana mwezi wa nane niliitwa Mbaga kupiga picha za familia, binti yao Careen alikuwa amepokea komunyo ya kwanza, na kama ilivyo kazi yetu mimi ndiye niliyewapanga, wewe simama hapa, wewe inua kidevu, wakanitii wote, sasa alikuwepo bibi yake mtoto, Bibi Blandina, amekonda kwa ugonjwa, kavaa koti la marehemu mumewe juu ya kitenge, nikaona anaharibu mpangilio, nikamwambia, "Bibi, hebu kaa pembeni, wewe nitakupiga baadaye," akasema, "Sawa mwanangu," akaenda kukaa kwenye benchi, mara ukungu ukashuka, mwanga ukaisha, nikafunga begi nikaondoka bila kumpiga.

Wiki tatu baadaye mama yake Careen, Dada Honorata, akanipigia analia, mama yake, yule bibi, amefariki, wanataka picha ya kuweka juu ya jeneza, nikapekua zote nikapata moja tu, ya kabla sijamwondoa, yenye mkono wake kwenye bega la mjukuu, mwenyewe nimemwacha nje ya picha, nikaona aibu, nikadanganya kwamba nilimpiga peke yake ila kadi ya kamera yenye picha zake imeharibika, nimempa fundi aifungue, akanijibu, "Pole mdogo wangu, si kosa lako," wakazika na picha ya kitambulisho iliyokuzwa hadi uso haueleweki, na tangu hapo kila mwezi ananipigia, "Fundi bado hajaweza kuifungua ile kadi?" Nimwambie ukweli, au ninyamaze hadi achoke mwenyewe?

Fanueli, Same

Fanueli,

Marahaba. Pole, ila sitakubembeleza. Kuwapanga watu ni kazi yako, kwa hilo sikulaumu. Mtu akisimama mbele ya kamera hajui hata mikono aiweke wapi, anakutegemea wewe. Ndiyo maana bibi hakubisha. Kosa lako ni kupanga picha kabla ya kuuliza familia hii inataka kumkumbuka nani. Hilo mtu anaweza kulikosea. Uongo uliuchagua mwenyewe, na kila mwezi unamfanya Honorata amsubiri mama yake upya. Mwache amalize msiba wake!

Usimpigie simu. Jumamosi hii panda Mbaga, mkute kwake, mwambie: "Dada, hakuna kadi. Nilimtoa mama kwenye picha, kisha nikakudanganya." Habari za ukungu ziache huko huko. Mpe ile picha yenye mkono, si yako kuificha. Akilia, kaa. Akikufukuza, ondoka bila kujitetea, wala usitume mtu akuombee msamaha. Jina lako mjini likichafuka, vumilia.

Na kuanzia sasa, ukifika kwa watu, uliza kwanza nani mzee na nani mgonjwa, uanze na hao.

Huenda Honorata asikusamehe. Nenda hivyo hivyo.