Ukoo wa Neno Mvua

Jumatatu, 4 Novemba

Hylke,
Siku ya tano tangu tukuzike, mume wangu. Leo ndiyo nimefungua chumba chako — meza tupu! Kadi zako za neno mvua, kila lugha na kadi yake, ulizopanga kiukoo miezi minne, neno mama juu, watoto chini, zimo kwenye boksi la viatu, zimefungwa mpira. Ni Baukje jirani. Wengine wakilizungusha jeneza lako kanisa mara tatu, kama ilivyo desturi yetu, yeye zamu yake ya ujirani ilikuwa kupika kahawa na kusafisha nyumba.

"Dada, zilitapakaa kama karata za walevi! Nikazipanga A mpaka Z."

Uso umemchangamka. Nikamshukuru. Ningefanyaje?

Jumanne, 5 Novemba

Ndugu yako Meint kapiga simu. Kitabu cha maneno ya kijiji kinakwenda kuchapwa Ijumaa. Ukurasa wa mvua usipofika, atauacha.

Nimekaa kutwa nikizipanga kadi kiukoo. Rein yetu sisi Wafrisia, regen ya Waholanzi na Wajerumani, regn ya Waaisilandi. Juu kabisa nikaweka rign ya Wagothi wa kale, maana ndiyo iliyotangulia kuandikwa. Hapo nikakumbuka ulivyonicheka kwa kosa hilohilo, mdomo umejaa mkate: "Huyo shangazi, Tsjikke, si mama!" Mama hakuandikwa na mtu, alikisiwa kutokana na watoto. Nikabomoa, nikaanza upya. Mgongo unaniuma!

Alhamisi, 7 Novemba

Juu ya mama uliweka kadi nyeupe, ya bibi asiyejulikana, neno lililomzaa mama. Haimo. Baukje kaitupa.

"Si ilikuwa tupu, dada?"

Nimelia mbele yake, kwa hasira.

Ijumaa, 8 Novemba

Meint yuko sebuleni, anakula keki. Nafasi ya bibi anataka kuijaza.

"Shemeji, watu watadhani Hylke alichoka. Tuseme neno mvua limetoka kwenye neno la kulowesha. Nani atabisha?"

"Hylke angebisha."

"Hylke hayupo."

Kasema hivyo! Akaomba radhi palepale, makombo yamemjaa kidevuni. Nikakimbilia jikoni na ukurasa nilionakili kadi. Pale juu, mahali pa bibi, nimeandika kwa wino: Hatujui. Chini, jina lako.

Anaita kutoka mlangoni, koti keshavaa: ama nafasi ijazwe, ama ukurasa mzima utoke. Watu wa mashine ya chapa wanafunga saa kumi. Sasa ni tisa na nusu. Nimeushika ukurasa, sifuti neno, wino haujakauka —

Huko uliko, Hylke, nikumbuke.