Fuwele ya Damu Yako

Zaina mwenzangu,

Mi situlii. Leo nimefungua frigo ya labo mara ine kuangalia fuwele yako, wakati najua vizuri haipendi kutikiswa. Wakumbuka zile za kwanza? Sisi na haraka zetu, kila saa tunachungulia kama zimeota, mpaka zote zikaharibika. Ulicheka: "We mutu wa Nyakabiga, hata maharage hayaivi ukifunua sufuria kila saa!" Sasa tunayo moja tu, ile tuliyoiotesha baadaye kwa damu yako na ile dawa mpya. Nyekundu, ndogo kuliko chembe ya chumvi. We umeenda, yenyewe iko.

Drepano, huo ugonjwa wa selimundu uliokuua, inapinda chembe za damu, na mdogo wako Amina naye anaugua hiyo hiyo. Tulitaka kujua dawa inashika wapi ndani ya damu. Hata darubini yetu haifiki huko. Lazima mashine ya ng'ambo iipige fuwele kwa eksirei, miale itawanyike, iache madoa, na kwa yale madoa watu wahesabu umbo la damu iliyoshikana na dawa. Kifurushi kinaondoka kesho mchana.

Siku ya tatu ya matanga nilienda kwenu Buyenzi kuomba ruhusa ya kuituma. Mama yako alinishika mkono. "Damu ya mutoto wangu ni ya udongo. Pelekeni, lakini irudi, tuizike karibu naye." Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Zaina, mi muongo! Ile miale ndiyo inaiua. Kila picha inaivunja kidogo, na mwisho hakuna kitu cha kurudisha. Nilijua. Niliogopa atasema apana.

Jana mama yako amenitumia visamaki, ndagala za kukaanga, na ujumbe: "kula, mutoto wangu". Nikazifunika, sijazigusa. Na wewe nimekukasirikia, sikufichi. Ungekuwepo ungemuambia mwenyewe, mdomo ulikuwa nao! Mwalimu wetu wa labo anasema ninyamaze, ni tone tu. Tone gani? Nilikushika bega siku wanakutoa ile damu, ukafumba macho, ukasema, "Chukueni nyingi, kwa ajili ya Amina."

Kesho asubuhi, kabla kifurushi hakijafungwa, nakwenda Buyenzi. Nitamuambia: mama, haitarudi. Nitamuambia na hayo maneno yako, halafu yeye aseme. Akikataa, nitachimba mimi mwenyewe, tuizike karibu nawe, na kwa Amina tutaanza upya na damu nyingine. Naahidi.

Lala, Zaina. Mi nitalala nikishamuambia.

Mwenzako,
Kaneza