Shule Iliyokwama Kwenye Eka Yako

Kijito cha Kulungu,
Nebraska.
Tarehe 14 Machi, 1912.

Mpendwa mjukuu wangu Rozalie,

Unakula? Unalala? Kile kikohozi cha majira ya baridi kimekuacha, au bado unakilea kifuani kama mtoto wako? Nijibu hayo kwanza utakapoandika, mengine baadaye. Sisi huku tu wazima. Goti langu la kushoto linauma kila upepo ukitoka kaskazini, lakini goti si mtu, siwezi kulisikiliza siku nzima. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Bata bukini dume bado ana kichaa. Juzi amemng'ata mtu wa posta, na sasa barua tunatupiwa kutoka barabarani.

Anayeandika ni Mwalimu Albina, maana mwezi huu zamu ya kumlaza na kumlisha mwalimu ni yetu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asilainishe neno langu hata moja. Likitoka na miba, liingie kwenye bahasha na miba yake.

Barua yako ilifika, Albina akatusomea mezani. Mama yako alilia kwenye aproni. Mimi nilimaliza supu kwanza, kisha nikamwambia Albina arudie pale unaposema utaacha chuo cha ualimu Pasaka, urudi, ujenge kijumba kwenye ile eka ya kando ya barabara aliyokuachia marehemu babu yako, ufuge bata. Wasichana wenzako wanakucheka unavyotamka maneno. Mtihani wa hesabu umekuangusha. Vizuri, nimesikia. Nitakujibu, lakini kaa chini kwanza, kwa sababu kuna jambo limetokea kwenye hiyo eka, na una haki ya kulijua kabla hujapanda treni.

Unakumbuka mkutano wa shule wa Juni, watu wa ng'ambo ya kijito walivyotushinda kwa kura? Wao ndio wenye watoto wengi sasa, Waswidi wale hawapumziki. Ikaamuliwa shule ing'olewe njia panda, ivutwe hadi kwao ardhi ikiganda. Sisi wa upande huu tulinung'unika, lakini kura ni kura. Shida yetu unaijua: theluji ikiyeyuka kijito kinafurika, lile daraja la magogo linafunikwa na maji, na watoto wetu wangekaa nyumbani wakihesabu kuku mpaka Mei.

Kuhama si jambo geni kwa shule yetu. Ya kwanza kabisa hukuiona. Ilikuwa chumba changu mimi, kile tulichojenga na babu yako kwa mabonge ya udongo wenye nyasi, wakati hapakuwa na mti wa kukata hata wa kuchongea kijiko. Mwalimu alikuwa Mwairishi mmoja aliyefundisha kwa chakula. Watoto walikaa juu ya vipipa vya misumari. Siku moja nyoka alianguka kutoka darini akatua mezani kwake. Mwalimu akapanda dirishani. Watoto ndio waliomuua nyoka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikikanda unga. Herufi zote nilizisikia zikiimbwa, asubuhi baada ya asubuhi, lakini mikono yangu ilikuwa kwenye unga, na hakuna aliyeniambia niitoe.

Ndipo zikaja mbao kwa treni, tukapata shule yenye sakafu. Mwaka wa ile tufani kubwa ya theluji mama yako alikuwa humo. Mwalimu alifunga mlango akakataza mtoto yeyote kutoka, wakachoma madawati ya mbele, moja baada ya jingine, mpaka kukapambazuka. Ndiyo sababu mstari wa mbele haufanani na wa nyuma. Baadaye reli ikapita pale pale, shule ikavutwa hadi njia panda ulikosomea wewe. Kwa hiyo shule yetu ina miguu tangu zamani. Safari hii ndiyo miguu iliyoishiwa nguvu.

Walikuja Jumamosi moja mwishoni mwa Februari, ardhi ngumu kama kikaango. Wakaiinua kwa jeki, wakaipitishia magogo mawili marefu chini, wakafunga farasi mbele, na mbele ya farasi ile injini ya mvuke ya Matejka ya kupuria ngano. Jiko walikuwa wameliacha linawaka ndani, ati chumba kifike kikiwa na joto. Basi nikatoka nje nikaiona shule inakuja barabarani polepole, inafuka moshi juu kama mzee na kiko chake. Nilicheka mpaka nikashika uzio.

Aliyeongoza ni Bwana Lindkvist, yule Mswidi mwenye masharubu ya rangi ya siagi. Akaomba wajisogeze pembeni, kwenye eka yako, wasizibe njia.

"Mama Hruba, tunapumzisha farasi kidogo tu."

"Wapumzisheni. Na ninyi je, mmetengenezwa kwa chuma?"

Unanijua. Mtu hapiti mlangoni kwangu na tumbo tupu, hata akiwa ananiibia shule. Nilikuwa na trei za kolache, vile vimkate vyetu vitamu vyenye jemu ya plamu, zimetoka jikoni saa ile ile, na kahawa, na soseji. Wanaume wakaingia, wakavua glovu, wakala. Wakaongeza. Wakaanza hadithi za farasi. Huko nje jua likatoka, jua la ajabu kwa Februari, maji yakaanza kudondoka kwenye paa. Nani angeangalia paa na kolache ziko mezani? Kisha Matejka akatumbukiza kichwa mlangoni.

"Bwana Lindkvist, njoo uone. Njoo na kofia yako, utataka kuitupa chini."

Magogo yalikuwa yamezama yote. Wakafunga farasi, injini ikanguruma, shule ikatoa sauti moja mbaya ya mbao, ikainama upande wa mlango, ikatulia kama kuku aliyekalia mayai. Wakajaribu mpaka farasi wakagoma. Lindkvist akanigeukia.

"Mama! Umetutega kwa kolache!"

"Mimi? Nani alikutia ya sita mdomoni?"

"Ya nne!"

"Ya sita, na jemu yake ingali kwenye masharubu. Jua si langu, bwana. Lingekuwa langu ningelitumia kwenye mahindi."

Albina ameacha kuandika, ananiuliza kama nilifanya makusudi. Andika, mwanangu, acha maswali.

Jumatatu watoto walifuata moshi. Wa upande huu wakaja, na wale wadogo wa Kiswidi nao wakavuka barafu wakaja. Darasa likaanza kama kawaida, ila penseli zote zinabingirika kuelekea mlangoni, na aliyekaa karibu na mlango ndiye tajiri. Nikawapelekea maziwa. Albina akaniambia niketi nipashe magoti moto, nikaketi kwenye dawati lako. Goti moja lilikataa kuingia. Umri wangu wote huu, ndiyo mara ya kwanza kukaa darasani watoto wakisoma, Rozalie, na nilikaa mpaka maziwa yakaisha na visingizio vikaisha. Kuna alama umekwangua pale pembeni kwa kisu. Nimemuuliza Albina, ameniambia ni jina lako. Kumbe ulikuwa unaharibu mali ya wilaya.

Halafu ukaitishwa mkutano, humo humo ndani, watu wote wameinama upande mmoja. Huyu anasema tungoje baridi ya mwakani. Yule anasema tuivute kiangazi. Matejka akasema ikivutwa kwenye ardhi kavu itavunjika mgongo. Wote wakageuza macho dirishani, kwenye nyasi za eka yako. Hakuna aliyethubutu kuiomba. Kila mtu hapa anajua ni ya nani.

Nikasimama. Kwenye mkutano wa shule mkono wa mwanamke unahesabiwa, basi mimi wangu siubakishi nyumbani.

"Iacheni ilipo," nikasema. "Eka naitoa."

"Mama!" Mama yako akaruka. "Eka ya Rozalie!"

"Najua ni ya nani. Nilishika kamba babu yake alipoipima."

"Na watoto wetu?" Lindkvist akauliza. "Mafuriko yakija watavukaje?"

"Mtajenga daraja la maana, na sisi tutashika upande wetu. Mna mikono, bwana. Nimeiona ikifanya kazi kwenye trei zangu."

Wakacheka, hata yeye, mambo yakalainika, mikono ikahesabiwa, na shule ikabaki. Lakini nilikuwa sijakaa. Nikasema lile kasha la vitabu linalotumwa na jimbo kwa treni kutoka Lincoln, pamoja na vitabu vyetu vya Kicheki, vyote vitoke kwenye ukumbi wa chama chetu cha Wacheki vije shuleni. Mzee Kucera, anayeuza bia ukumbini na kushika funguo za kabati, akanuna.

"Vimekaa kwangu miaka yote hii, vimepata dhara gani?"

"Vinanuka tumbaku, Kucera. Na msichana akitaka kimoja, anasimama nje mpaka umalize karata zako."

Akaanza kuchezea funguo zake, kwa sababu alijua namsema nani. Nilipita pale na gari la farasi majira yale ya baridi ulipokuwa na miaka kumi na moja. Nilikuona nje ya mlango wa Kucera, umekumbatia kitabu ulichokuja kurudisha, unakanyagakanyaga theluji miguu isife ganzi. Ulikataa kupanda gari. Ulisema bado hujapata kingine. Sikukwambia kitu siku ile. Leo nakwambia: picha ile sijaitoa kichwani, na ndiyo iliyoniinua kwenye lile benchi.

Basi ndivyo ilivyo. Eka uliyotaka kurudi kujificha haipo tena. Kasirika. Tupa barua hii chini, uikanyage, kisha uiokote, maana sijamaliza. Ningeweza kukuandikia kwanza nikakuomba ruhusa. Sikukuandikia kwa sababu ungekataa, nami ningetoa hivyo hivyo, halafu tungekuwa na ugomvi mara mbili.

Wanakucheka unavyotamka? Mimi nimechekwa nchi hii miaka arobaini na ushee, na bado chumvi nauziwa. Hao wasichana waambie kwenu shule inatembea, na ikichoka inapumzika kwa bibi yako. Waone kama wana hadithi ya kuizidi. Na hesabu irudie. Albina ananiambia, kwa sauti ndogo ili nisiiweke humu, kwamba yeye hesabu ilimwangusha mara mbili. Nimeiweka.

Jambo jingine asilotaka kuliandika, na ninamsimamia hapa mpaka aliandike: ana mchumba. Ni yule fundi wa viatu mwenye masikio makubwa, mtu mwema. Watafunga ndoa kiangazi cha mwakani, na unajua wakubwa wa wilaya hawamwachi mwanamke aliyeolewa afundishe. Wewe unamaliza chuo lini? Kiangazi cha mwakani. Sikupanga mimi, kama nilivyomwambia Lindkvist kuhusu jua.

Nimekutumia mto wa manyoya ya bata bukini na kolache ndani ya bati. Mpe mama mwenye nyumba yako mbili, asizidishe. Mama yako anakusalimu. Ameacha kulia, sasa ananinunia mimi. Mjomba wako Matyas anakusalimu, na ameanza kunyoosha shule kwa jeki, kwa hiyo penseli zitakoma kutoroka. Mwalimu Albina anakusalimu kwa mkono wake mwenyewe uliochoka. Lindkvist naye anakusalimu, kwa lugha yake, sikuelewa, ila alivua kofia.

Mungu akuwekee joto miguuni na ubishi kichwani. Eka yako iko pale pale, mwanangu. Sasa ina paa, ina jiko linalowaka, ina kabati la vitabu lisilo na mlinzi, na watoto wa pande zote mbili za kijito. Bata nitakufugia mimi. Kuanzia mwakani kitakachokosekana ni mwalimu, na wilaya imenipa ufunguo niutunze. Siutoi kwa mtu aliyeacha chuo Pasaka.

Ni mimi ninayekupenda na nisiyekubembeleza,
Bibi yako,
Barbora Hruba.