Ford ya Marehemu Baba Yako

Mlali

Mwanangu Gervas,

Mimi mzima, wasiwasi tu. Bibi yako Anastasia anakusalimu, mguu umepungua kuvimba. Dada yako Winfrida anakusalimu, na mwanawe ameota meno. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Jana wamekuja watu wa vyuma chakavu, eti umewauzia Ford ya marehemu baba yako waikatekate. Ulimuuliza nani, Gervas? Gari lile la Kimarekani baba yako aliachiwa na padri wa misheni, likashusha kabichi za mlimani miaka thelathini. Wewe mwenyewe nusura uzaliwe ndani yake.

Tena kwetu Waluguru mjomba akifa mrithi ni mpwa wake, kwa hiyo gari la baba yako ni la Castory, mtoto wa shangazi yako. Naye baada ya matanga aliniambia, "Mama, baki nalo, ndilo lililomfikisha mama yangu mzazi hospitali." Mwenye haki kaliacha, wewe usiye na haki umeliuza.

Wale watu niliwaambia wakate na mimi nikiwemo, nikaingia nikaketi. Wamesema watarudi Jumamosi. Wapigie uwakatalie, kisha unijibu haraka. Barua hii naiandikia humu humu garini, na sishuki.

Mama yako,
Modesta