Jina Lako Limeingia kwenye Cheti Changu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini ulinilea nisianze neno na mkubwa kabla ya salamu, na mazoea hayo hayajanitoka.

Nakuandikia nikiwa chumbani kwako, hapa Mlingotini. Nimejifungua, Mama. Ni msichana, ana nywele nyingi na sauti ya kuamsha majirani. Niko ndani ya arobaini, sitoki, na dada yako, Mama Mkubwa, ananikanda kwa maji ya moto kila asubuhi kama alivyokukanda wewe, bila huruma. Leo amenikanda mapema kwa sababu ana safari. Amekwenda ofisi ya kata na tangazo la kizazi, kumwandikishia mtoto cheti. Umeshajua kwa nini nina wasiwasi.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Ulinizalia humu humu ndani, Baba akiwa dago, kambini na wavuvi wenzake, nawe huruhusiwi kuvuka kizingiti kabla ya arobaini kwisha. Dada yako akanibeba, akaenda kuniandikisha. Karani akauliza, "Mama wa mtoto nani?" Akajibu, "Mimi hapa." Hakudanganya. Kwetu huku mtoto wa mdogo wake mtu ni mwanawe, na hakuna aliyewahi kumfundisha kujibu vingine. Karani akaandika Mwanahamisi mahali pa Zuhura.

Unakumbuka siku nilipokisoma cheti hicho, nikijiandaa kuingia sekondari? Nilikuja nacho jikoni mbio. Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kumbe serikali imeniozesha shemeji! Haya, shemeji, leo zamu yako kunipikia."

"Nikupikie wewe?" Mama Mkubwa akamjibu. "Talaka yangu naitaka leo leo, kabla ya magharibi."

Ulicheka nao. Lakini kesho yake, tukianika mwani, nilikuuliza lini tutakwenda kusahihisha. Hukunitazama, uliendelea kuchambua. "Dada yangu hakujaaliwa mtoto," ulisema. "Hapo ndipo mahali pekee alipoandikwa mama. Mwache akae." Jioni ile niliyaandika maneno yako kwenye shajara yangu, na tarehe yake. Sikuuliza tena.

Tukamwacha akae. Baba akatangulia, ukafuata wewe, ndipo mambo yakakwama. Kiwanja cha Mapinga, ulichokinunua kwa mwani na kukipanda mihogo ili watu waone kina mwenyewe, ilibidi kipite mahakamani kwenye mirathi. Hakimu alisoma cheti changu, akanitazama juu ya miwani.

"Binti, marehemu ni Zuhura. Hapa mama yako ni Mwanahamisi. Huyo yuko wapi?"

"Niko hapa, mheshimiwa," Mama Mkubwa akasimama huko nyuma.

"Basi mama yako yu hai," hakimu akaniambia. "Siwezi kukurithisha mali ya mtu ambaye cheti chako hakimtaji."

Nilitoka nje nikalia, wala si kwa ajili ya kiwanja. Nilikuwa nimekuzika miezi michache tu nyuma, na sasa nimeambiwa mbele za watu kwamba mimi si mwanao.

Nikaanza kutafuta vinavyotakiwa: cheti chako cha kifo, kadi yangu ya kliniki yenye jina lako, barua ya mtendaji wa kijiji. Vyote vilipatikana. Kilibaki kiapo cha Mama Mkubwa, aseme mbele ya wakili kwamba hakunizaa. Hicho ndicho nilichokiogopa. Nilizungukazunguka maneno mpaka yeye mwenyewe, akikuna nazi, akaniuliza, "Unaniogopa au unanihurumia?"

"Yote mawili, Mama Mkubwa."

"Acha yote mawili. Nitafutie buibui langu la safari."

Kwa wakili, mjini Bagamoyo, alikaa wima kama mtu anayepigwa picha. Wakili alikuwa kijana mpole. "Bibi, wewe ni nani kwa huyu?"

"Mama yake."

Akaweka kalamu chini. "Bibi, hapo ndipo lilipoanzia tatizo."

"Wewe mama yako mkubwa unamwitaje?"

Kijana akafikiri. "Namwita mama."

"Haya. Sasa andika. Aliyemzaa ni mdogo wangu Zuhura, nami ndiye niliyemshika mgongo akisukuma. Nimemlea pamoja naye. Andika yote, usiruke."

Akaandika. Mama Mkubwa akaweka dole gumba, akafuta wino kwenye ncha ya mtandio. Tulipofika aliingia humu chumbani, akakaa kitandani kwako. Nikakaa karibu naye.

Cheti kipya kilitoka nikiwa na mimba kubwa. Umo, Mama, jina lako kamili. Cha zamani kilibaki ofisini. Mama Mkubwa aliuliza kama anaweza kupewa akiweke, wakamwambia hairuhusiwi. Mahakama nayo imemaliza. Kiwanja ni changu na cha dada yako, kama mirathi inavyotaka, na hatutaki kukigawa. Tutajenga, tukianza na chumba chake.

Nimeacha kuandika kidogo, maana amerudi. Nimemsikia akipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Umemwambia mama wa mtoto nani?" nikamuuliza hata hajaketi.

"Nimemwambia yuko ndani, arobaini haijaisha, na jina lake ni hili. Nikamtajia na mama yako, asije akauliza." Akavua viatu. "Akasema, 'Na wewe bibi, jina lako?' Nikamwambia, Mwanahamisi. Akasema, 'La mtoto nimeshaandika, nataka lako.' Nikamwambia, mwanangu, ndilo hilo hilo!"

Najua ulitarajia mtoto apewe jina lako. Usinune. Wewe umeshapata mahali pako.

Akanipa cheti, akaniambia nimwonyeshe lilipoandikwa. Nikashika kidole chake, nikakiweka kwenye mstari wa jina la mtoto.

"Huku juu?"

"Huku juu kabisa."

Akakibakiza kidole pale. "Basi hapa hanitoi mtu."

Mjukuu wako ameamka, na dada yako ameshaanza kunigombeza niache kalamu ninyonyeshe. Mungu akulaze pema, Mama.

Mwanao uliyemzaa, sasa hata kwenye cheti