Sauti ya Kuanzia

3 Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, tena nimezidisha. Mwambie mwalimu wa kwaya aanze kufunga bati za kanisa kwa kamba, maana Krismasi nikiifungua hii besi yangu hazibaki. Hapa karakana nikikohoa tu, majirani wanadhani lori limewashwa. Geti nililolichomelea mimi, hata mwizi analipigia saluti kwanza. Goti lako je? Niandalie joho la marehemu baba, ila lipunguze tumbo. Huko mimi sijafika.

Mwanao, besi namba moja.

10 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti linaniamsha kabla ya jogoo, mengine tunashukuru. Joho nimelifua na kulipunguza. Tangu tumzike baba yako, kwaya haijaanza wimbo ikaeleweka. Unajua hatuna kinanda. Yeye ndiye aliyekuwa akitoa sauti ya kuanzia, wengine wanaidaka. Mwalimu kasema Krismasi hamwombi mtu mwingine, atakusubiri wewe, kwa sababu baba yako hakumfundisha mwingine. Nami nimewaambia utakuja, usinitie aibu. Kusali unasali lakini?

Mama yako.

27 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Naulizia uzima tu. Tulikusubiri. Mwalimu aliinua mikono, akabaki nayo juu hadi watu wakaanza kukohoa. Mwisho nikaanzisha mimi, tukamaliza. Sikulaumu. Kama unaumwa, niambie.

Mama.

6 Januari

Mama,

Shikamoo. Siumwi. Kazi zilibana, kila tajiri alitaka geti kabla ya mwaka mpya, na bila mkono wangu mji huu ungelala wazi. Pole, ila Mama, ulianzia juu mno. Fundi cherehani alikatika sauti ubeti wa pili kama redio iliyoishiwa betri, watoto wa benchi la mbele wakacheka, nawe ukaendelea vilevile, joho umelikunja mkononi.

Najua, hapo nimeshajikaanga mwenyewe. Haya.

Nilikuja. Nilisimama nje na begi langu, nikichungulia kwenye lile dirisha lenye kioo kilichopasuka. Mwalimu alipoinua mikono, sauti ya baba nilikuwa nayo tayari. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Sikuogopa, Mama, wala sikulia. Ningekuwa nimelia ningekuandikia kwa raha, nijisifu na hilo.

Tangu mazishi niko hivi. Hapa kazini, mashine ya kukatia chuma ikizimwa, mlio wake unashuka na kupita palepale baba alipokuwa akianzia. Nausikia kila siku, naokota chuma kingine. Umeuliza kusali. Nasali, maneno yanatoka sawasawa, ila mimi simo.

Nilikuona ukigeuka kuangalia mlango. Kisha nikakusikia ukianza peke yako. Ubeti wa pili ulipoisha nikaokota begi langu, nikaondoka.

Mwanao.