Saa Arobaini za Kontrola

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa gemu amesema leo saa tano asubuhi: kontrola ya bei kubwa na ile ya kawaida zina kijiti kilekile cha kumwongozea mchezaji. Namba ileile, kiwanda kilekile. Alizifungua zote mbili mbele yangu, akavilaza vijiti juu ya kitambaa cheusi, akanipa lenzi nisome mwenyewe. Nilisoma mara mbili.

"Ni kilekile, mama. Wamekivisha koti tu."

Amepokea tano za aina hii tangu mwezi uliopita. Zote ugonjwa mmoja: kijiti cha kushoto kinalegea, mchezaji kwenye skrini anaanza kutembea bila kuguswa. Nikauliza, baada ya kuchezwa muda gani? Kati ya saa ishirini na thelathini, alisema. Nikauliza, hakuna iliyofika arobaini?

Akacheka. "Labda ile ya gazetini!"

Hakujua anaongea na nani. Nami sikumwambia.

Kwa kumbukumbu: ile ya gazetini ni yangu. Toleo la Jumamosi, tarehe 22 Februari, ukurasa wa 14. Swali: kontrola ya bei kubwa inafaa, au ubaki na ya kawaida? Jibu langu: inafaa. Niliandika, "Kijiti kimeimarishwa na hakikuyumba hata mara moja." Chini kuna kile kisanduku kidogo nilichokianzisha mwenyewe miaka sita iliyopita, ambacho kila mwandishi mpya namhubiria hadi anachoka: *Saa tulizotumia.* Niliandika 40.

Zilikuwa mbili na nusu.

Sababu ipo, ila si utetezi. Wiki ile nilikuwa kortini kila siku, kesi ya ghala lililoungua. Kontrola ilikaa kwenye sanduku lake juu ya friji. Ijumaa ukurasa ulikuwa unafungwa. Neno "kimeimarishwa" nililinakili kwenye sanduku. Nilijiambia ni mchezo tu.

Miaka ishirini na saba kazini. Sijawahi kuongeza majeruhi hata mmoja kwenye ajali. Sijawahi kubuni shahidi. Nimebuni saa thelathini na saba na nusu kwa ajili ya kitu cha kuchezea!

Na kontrola niliyompelekea fundi leo ni ya mdogo wangu. Aliinunua jioni ileile gazeti lilipotoka.

Jioni. Nimeishusha yangu juu ya friji. Duka lilitukopesha, ilipaswa kurudi wiki jana. Nimecheza saa nne, nimefungwa mechi zote. Jumla: 6½.


Jumatano, 5 Machi

Nimeomba ruhusa ya siku mbili. Mhariri aliuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Hilo angalau ni kweli.

Saa nne nilikwenda karakana anakofanya kazi mdogo wangu, kumrudishia kontrola yake. Ni seremala. Wanatengeneza milango na vitanda. Msumeno wa umeme ulimchukua kidole gumba cha kulia miaka miwili iliyopita, na wenzake hawakumaliza hata mwezi kabla ya kumpa jina. Tisa. Yeye mwenyewe analiitikia.

"Tisa! Mgeni wako! Yule wa gazeti!"

"Mwambie aandike na sisi hatujalipwa ovataimu!" alipaza mwingine kutoka nyuma ya rundo la mbao.

Alizima mashine, akaja akijipangusa vumbi usoni kwa kiwiko. Nikampa mfuko. Nikamwambia alichosema fundi: asitengeneze, arudishe dukani. Wanapokea ndani ya siku kumi na nne na yeye za kwake zinaisha Jumamosi hii. Risiti anayo. Nilieleza kwa mpangilio, kama taarifa ya habari. Ile habari ya kijiti kimoja, na ya zile tano nyingine, niliiruka.

Akatikisa kichwa. Hawezi kuirudisha.

"Kwa nini?"

"Nimeiharibu mwenyewe, dada. Yako si ilimaliza saa arobaini bila shida? Yangu haijamaliza hata wiki mbili... tatizo ni huu mkono. Siishiki kama watu. Naikandamiza upande." Akanionyesha jinsi anavyoishika, kiganja cha kulia kimefunikwa kama anashika ndege, uzito wote umeangukia kushoto. "Nikawaambie wenye duka nini? Kwamba kitu ni kibovu? Si uongo huo?"

Alisema neno hilo, uongo. Mbele yangu. Nikiwa nimesimama kwenye maranda mpaka kwenye vifundo.

Nilikuwa na nafasi. Sekunde tano, labda sita. Nikasema, "Fikiria tena." Basi!

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kontrola hii ina vitufe vinne nyuma, chini ya vidole vya kati. Akivipanga, anapiga mpira golini kwa kidole cha kati cha kulia. Hahitaji gumba. Kwa miaka miwili binti yake wa miaka kumi na mitatu alikuwa anamwachia ashinde, mechi moja kila baada ya tatu, na wote wawili wakijifanya hawajui. Usiku wa kwanza na kontrola mpya, baba alimfunga binti tatu kwa mbili. Binti akakasirika kweli, akatupa mto.

"Alitupa mto, dada!" Anasema kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nimerudi nyumbani nikasoma tena nilichoandika juu ya vitufe vya nyuma. Sentensi moja. "Ni pambo zaidi ya msaada." Nilikuwa sijavigusa.

Nilipokuwa naondoka alinifuata hadi getini. Akacheka. "Mpwa wako ana maneno. Ameuliza, shangazi alicheza saa arobaini lini, na wiki ile kila siku jina lake lilikuwa kwenye habari za kortini? Nikamwambia shangazi yako halali usiku."

Nami nikacheka. Nimeandika hapa ili nisije nikasahau kwamba nilicheka.

Nimecheza saa nane. Nimeanza kushinda moja moja. Kijiti kizima. Jumla: 14½.


Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimepekua madaftari yangu yote ya safu hii. Vitu sitini na kimoja. Pasi, majiko, magodoro, taa za sola. Saa zote zinalingana isipokuwa blenda: niliandika kumi, daftari linasema tisa na dakika arobaini. Hiyo naweza kuishi nayo. Kontrola haina hata ukurasa kwenye daftari. Mtu yeyote angefungua, angeona.

Saa nane nilikwenda ofisini, nikafunga mlango wa mhariri. Nimemzidi miaka kumi na minne. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika vichwa vya habari. Nikamweleza yote kwa dakika tatu.

Akasema polepole, "Bi mkubwa, nani amelalamika?"

"Hakuna."

"Duka?"

"Hapana."

"Sasa shida iko wapi?"

Nikamwambia kijiti ni kibovu, watu wananunua. Akakubali, tutaandika habari mpya kuhusu kijiti, fundi atatajwa, vizuri sana, ukurasa mzima. Lakini zile saa? Akavuta karatasi. Akaandika: *Kutokana na kosa la uchapaji, saa 40 zisomeke saa 2½.*

"Unaona? Umesahihisha. Kila neno linaweza kusimama."

Si kila neno. Maneno mawili hayasimami, "kosa" na "uchapaji". Nilijua. Na yeye alijua kwamba najua.

"Ukisema ulibuni," alisema, "kesho msomaji atauliza, na pasi? Na lile godoro la mgongo? Tutajibu nini? Tumhoji nani, wewe?"

Hapo hakukosea.

Nilikubali. Naiandika kama ilivyokuwa: nilisema "sawa", nikachukua ile karatasi yake, nikashuka ngazi nikijisikia mwepesi. Wepesi ule ulidumu mpaka kwenye kibanda cha vocha. Nilikumbuka mdogo wangu anavyofunika kile kiganja. Kosa la uchapaji halitamwambia chochote. Atasoma "saa 2½", atasema gazeti lilikosea namba, dada yake hakosei. Na kontrola atabaki nayo, na atabaki akiamini ni mkono.

Sikumpigia. Nilijiambia yuko kazini, mashine zina kelele. Saa kumi na moja karakana inafungwa. Saa kumi na mbili nilijiambia anakula. Saa mbili nilijiambia binti anafanya kazi za shule. Nimewahi kuhoji watu waliokuwa na visingizio bora kuliko hivi, na niliwacheka kwenye maandishi.

Saa saba za kucheza. Jumla: 21½. Kijiti bado. Nimeanza kutumaini fundi amekosea! Hilo nalo liandikwe.


Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Nilikuwa nimeweka kontrola mezani nimimine chai. Niliporudi, mlinda mlango wangu alikuwa ameondoka golini. Polepole, upande wa kushoto, mpaka kwenye mstari, akaendelea kutembea pale pale kama mtu aliyegonga ukuta na hajui. Hakuna aliyemgusa.

Saa ya ishirini na tatu. Nimeandika kwenye daftari, ukurasa wake wa kwanza.

Kwa hiyo, kama ningefanya kazi yangu ningeyaona haya kwa macho yangu, na kungebaki muda kabla ya ukurasa kufungwa. Ile namba niliyoibuni ndiyo iliyofunika tatizo. Kama ningeandika 2½, msomaji yeyote mwenye akili angesubiri.

Nikaandika upya sahihisho:

*Katika toleo la Februari 22 tulisema kontrola hii ilijaribiwa kwa saa 40. Si kweli. Ilijaribiwa kwa saa mbili na nusu. Maelezo kuhusu kijiti yalinakiliwa kutoka kwenye sanduku. Ilipojaribiwa kikamilifu, kijiti kililegea katika saa ya 23. Vitufe vya nyuma, tulivyoviita pambo, ni msaada wa kweli kwa mtu asiyeweza kutumia vidole vyote. Kosa ni la mwandishi.*

Nikampa mhariri mkononi saa saba. Alisoma. Akafungua kalamu, akaifunga. Akauliza kama nimekula. Kisha akasema, "Niachie." Ukurasa unafungwa saa kumi. Saa kumi na robo nilipita dirishani kwake, alikuwa kwenye simu, amenipa mgongo. Sijui ni karatasi ipi imekwenda kiwanda cha uchapaji. Nimeuliza dawati la kurasa, wakasema bosi aliufunga mwenyewe.

Mdogo wangu hununua gazeti saa moja asubuhi kila Jumamosi, kwa sababu yangu. Ile makala ya Februari binti ameikata na kuibandika ukutani juu ya televisheni. Kwa hiyo lazima asikie kwangu kwanza.

Saa kumi na moja na nusu nilipiga. Alipokea kwa kelele, anacheka na mtu.

Nikasema, "Nataka kukwambia kitu na usinikatishe."

Nikamwambia. Saa mbili na nusu. Sanduku. Fundi na vijiti viwili juu ya kitambaa. Mlinda mlango wangu asubuhi ya leo. Sikusema "samahani" mpaka mwisho, kwa sababu nilitaka ayasikie kwanza mambo yenyewe.

Nyuma yake nilisikia mtu anafagia.

"Kwa hiyo si mkono wangu?"

"Si mkono wako."

"Wiki nzima nimekuwa naufunga kitambaa usikandamize." Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Angetupa hata mto. "Wiki nzima, dada. Mpaka nikampa mtoto kontrola ile ya bei kubwa, mimi nikarudi kwenye ya zamani. Ili nisiiharibu zaidi."

Nikasema samahani. Akasema "haya". Ile "haya" ya mtu anayetaka muda.

Baadaye akauliza, "Sasa niambie. Inafaa au haifai? Niirudishe au nibaki nayo?"

Nikamwambia vitufe vinamfaa, kijiti hakifai, na ikibadilishwa itapata ugonjwa uleule. Arudishiwe pesa, na mimi nitatafuta nyingine yenye vitufe vya nyuma.

"Nitajuaje?" alisema.

Swali halali. Ndilo swali la safu yangu.

Tumekubaliana dukani kesho saa tatu, wanapofungua. Siku ya kumi na nne. Yeye ataleta risiti, mimi nitaleta ile ya kukopeshwa pamoja na daftari, niwaeleze wenyewe. Nilipotaka kukata akaniambia subiri. Alikuwa ameziba simu, anaongea na mtu. Akarudi.

"Mpwa wako anakuja na sisi. Ameshanisikia. Ana lile swali lake la wiki ile, anasema atakuuliza mwenyewe."

Nimepitia daftari tena. Jumla: 26. Kontrola iko mezani, imewashwa, sijaigusa tangu saa kumi na mbili. Mlinda mlango anaendelea kutembea kushoto.

Gazeti linafika kwenye kibanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Dukani, saa tatu.